Taa za dagaa na ulimwengu usiozeeka

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa Kigoma hupumzika, maana dagaa hawafuati taa mbalamwezi inapowaka. Mwezi ukifa, maji kuanzia mbele ya mwalo wa Kibirizi mpaka kule giza la upande wa Kongo linapoanzia hujaa nukta nyeupe, na mtu aliye kilimani anaweza kukaa akazihesabu. Za karibu ni kali na chache. Za mbali ni hafifu na nyingi. Uwiano wa namna hiyo, kati ya chache zinazong'aa na nyingi zilizofifia, ndio ulioanza kuiangusha nadharia ya hali thabiti ya ulimwengu, ile iliyosema ulimwengu hauna mwanzo na sura yake haibadiliki. Wengi wanaoisimulia nadharia hiyo leo wanaizika kwa kosa jingine kabisa.

Kosa wanalolitaja ni kwamba ilidai maada inazaliwa patupu, pasipo na kitu. Wanacheka, wanahamia kwenye Mlipuko Mkuu, wazo kwamba ulimwengu ulianza siku moja, hadithi imekwisha. Tuweke hesabu mezani kwanza, halafu tuone kama kicheko kina haki.

Mwaka 1948, Cambridge, walitoka na wazo hilo watu watatu: Hermann Bondi na Thomas Gold katika andiko moja, Fred Hoyle katika andiko lake peke yake. Walikuwa na sababu nzito. Tangu Edwin Hubble atoe matokeo yake mwaka 1929, ilijulikana kuwa galaksi zinaachana, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda kasi. Kipimo cha upanukaji huo wakati ule kilikuwa karibu kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megapaseki, yaani kila umbali wa miaka nuru milioni 3.26. Ukirudisha mwendo huo nyuma, galaksi zote zinakutana takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Lakini dunia yenyewe, kwa kipimo cha madini yenye mnururisho, ilikwisha kupita miaka bilioni 3. Mtoto amemzidi mama umri. Aliyeamini ulimwengu ulianza siku moja alikuwa na deni la kueleza hapo.

Wale watatu wakasema deni halipo, kwa sababu hapakuwa na siku ya kwanza. Ulimwengu unafanana kila mahali, na hilo kila mtu alilikubali. Wao wakaongeza kwamba unafanana kila wakati pia. Unapanuka, ndiyo, ila nafasi inayoachwa wazi inajazwa na maada mpya, galaksi mpya zinajikusanya humo, na za zamani zinasogea hadi zinapotea machoni. Ni kama mwalo asubuhi: ndoo zinaingia, ndoo zinatoka, wachuuzi wa jana si wa leo, lakini ukipiga picha Jumatatu na nyingine Jumatatu ya mwaka ujao huwezi kujua ipi ilitangulia. Tafsiri yangu ya jina lake ingekuwa hiyo: ulimwengu usiozeeka, ingawa kila kilichomo kinazeeka.

Sasa maada hiyo mpya ni kiasi gani? Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha sita ataifanya kwa kikokotoo. Chukua kipimo cha upanukaji cha siku hizi, kilomita 70 kwa sekunde kwa megapaseki. Megapaseki moja ni kilomita 3.086 × 10¹⁹, kwa hiyo gawanya upate 2.27 × 10⁻¹⁸ kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde za mwaka, 3.156 × 10⁷, upate 7.16 × 10⁻¹¹ kwa mwaka. Hapo wengi hukosea kwa kuishia hapo hapo. Urefu ndio unaokua kwa kiwango hicho. Ujazo unakua pande tatu, kwa hiyo zidisha kwa 3. Unapata 2.15 × 10⁻¹⁰. Hiyo ndiyo sehemu ya ujazo inayoongezeka kila mwaka, na maada lazima iongezeke kwa sehemu hiyo hiyo ili msongamano usishuke. Msongamano wenyewe, kwa mlinganyo wa Hoyle, ni kama atomu 5.5 za haidrojeni kwa mita ya ujazo. Zidisha: 1.18 × 10⁻⁹. Geuza, na jibu ni atomu moja kwa kila mita ya ujazo kwa kila miaka milioni 850 hivi.

Kwa kuwa kichwa hakishiki namba kama hiyo, ipeleke ziwani. Ziwa Tanganyika lina ujazo wa takriban kilomita za ujazo 18,900. Nafasi yenye ukubwa wa ziwa zima, kutoka Burundi hadi Zambia, uso hadi sakafu ya mita 1,470, ingepata atomu mpya kama 22,000 kwa mwaka. Sawa na 60 kwa siku. Tone moja la maji lina atomu za haidrojeni zinazozidi bilioni bilioni elfu. Mizani ya kuyaona hayo haijatengenezwa, na hakuna jaribio la maabara linaloweza kusema kanuni ya kuhifadhi maada imevunjwa kwa kiwango hicho. Ukitumia kilomita 500 za mwaka 1948 kasi ya kuzaliwa inapanda mara 364 hivi, kwa sababu kipimo hicho kinaingia mara tatu: mara moja kwenye upanukaji, mara mbili kwenye msongamano. Bado ni atomu moja kwa mita ya ujazo kwa miaka zaidi ya milioni 2. Haionekani.

Hoyle naye alikuwa na jibu kwa wanaocheka. Kama ni vigumu kukubali atomu moja moja, mbona ni rahisi kukubali zote kwa mpigo? Jina "Mlipuko Mkuu" lenyewe alilitoa yeye, kwenye redio ya BBC tarehe 28 Machi 1949, akieleza wazo asilolitaka. Tena yeye hakuishia kusema tu kwamba maada inazaliwa. Aliongeza kijalizo kwenye milinganyo ya Einstein, na kikikokotolewa, kuzaliwa kwa maada ndiko kunakosukuma upanukaji. Kimahesabu ni kazi safi. Basi kicheko hakina haki, na aliyetaka kuiua nadharia hii alipaswa kutafuta mahali pengine.

Mahali penyewe walipaonyesha wenye nadharia wenyewe, na hapo ndipo ninapowapa heshima. Kama ulimwengu unafanana kila wakati pia, na kama kutazama mbali ni kutazama zamani, basi mbali lazima pafanane na karibu. Ukikuta tofauti, nadharia imekwisha. Haina pa kujificha wala namba ya kurekebisha. Mlipuko Mkuu wa miaka ile ulikuwa na nafasi nyingi za kupindisha. Huu wa akina Hoyle haukuwa na hata moja.

Turudi kwenye taa. Chukulia taa zote zina nguvu sawa na zimetawanyika sawasawa juu ya maji. Mwanga unaokufikia unapungua kwa mraba wa umbali: taa iliyo mbali mara mbili inaonekana robo. Sasa hesabu taa zote zinazozidi kiwango fulani cha mwangaza, halafu shusha kiwango hadi robo. Umefika mbali mara mbili, eneo la maji limekuwa mara nne, kwa hiyo hesabu inapanda mara nne. Angani hakuna uso wa maji, kuna ujazo: umbali mara mbili ni ujazo mara nane. Shusha kiwango hadi robo, hesabu ipande mara nane. Ukichora kwenye karatasi ya logi, mteremko wa mstari ni 1.5. Taa zikiwa za nguvu mbalimbali haidhuru, mradi mchanganyiko wake uwe ule ule kila mahali. Na ulimwengu unaopanuka unazidi kuzififisha za mbali, kwa hiyo katika hali thabiti mteremko lazima uwe chini ya 1.5. Ukizidi, ina maana zamani vyanzo vilikuwa vingi au vikali kuliko sasa.

Anayetaka kuijaribu ziwani ataona haraka jinsi inavyoharibika. Akisimama ufukweni, mviringo wa dunia unameza taa za mbali, na hesabu ya hafifu inapungua kwa sababu isiyohusiana kabisa na taa, kwa hiyo apande kilimani. Taa za sola za siku hizi zinawaka sana kuliko karabai, kwa hiyo upeo unamkatia hesabu kabla jicho halijashindwa. Maboti nayo hayatawanyiki sawasawa, yanafuata samaki: upande mmoja taa zimesongamana, upande mwingine giza. Na maboti mawili yaliyokaa karibu yanaonekana taa moja, tena kali kuliko yalivyo. Hilo la mwisho lishike, ndilo lililomgharimu Ryle.

Martin Ryle alikuwa Cambridge hapo hapo, jirani wa Hoyle, na hawakupikika chungu kimoja. Mwaka 1955 kundi lake lilitoa orodha ya pili ya vyanzo vya redio, yaani vitu vya angani vinavyotoa mawimbi ya redio, vyanzo 1,936, na mteremko uliotoka ulikuwa karibu 3. Mara mbili ya 1.5! Akatangaza kwamba hali thabiti imeanguka. Kule Sydney, Bernard Mills na wenzake walikuwa na darubini ya redio ya muundo wa msalaba, inayotenganisha vizuri zaidi. Walipolinganisha sehemu ya anga ambayo pande zote mbili ziliipima, vyanzo vingi vya Cambridge havikuwepo. Mteremko wa Sydney ulikuwa juu kidogo tu ya 1.5, ziada ambayo hukumu haiwezi kusimama juu yake.

Kilichotokea ni maboti mawili kuonekana moja. Darubini ya Cambridge ilikuwa ikiona kipande kipana cha anga kwa wakati mmoja, na ndani ya kipande hicho kulikuwa na vyanzo hafifu kadhaa. Vikijumlishwa vinavuka kiwango na kuandikwa kama chanzo kimoja. Ubaya wake ni kwamba kosa hili haligawanyiki sawa. Hafifu ni nyingi, kwa hiyo ndizo zinazogongana, na ndizo zinazopandishwa daraja, na mstari unainuka hasa pale unapotaka kuusoma. Wanaohesabu vyanzo hadi leo wanakwenda na kanuni ya mkono iliyotokana na balaa hilo: chanzo kimoja kisizidi kwa kila vipande 20 hadi 30 vya mwono wa darubini. Ukiona zaidi ya hapo, acha kuhesabu, tafuta darubini kali zaidi.

Ryle alirudi kazini. Orodha ya tatu ya mwaka 1959 ilikuwa na vyanzo 471 tu, vimechujwa. Mwanzoni mwa mwaka 1961 alitoa hesabu mpya iliyofika kwenye vyanzo hafifu zaidi, na mteremko ulikuwa 1.8. Sydney na Cambridge sasa walikuwa wakikaribiana, na wote walikuwa juu ya 1.5. Ryle alikosea namba na kupatia hukumu, jambo linaloudhi kidogo, maana wanaomtetea huisimulia kana kwamba alijua tangu mwaka 1955. Hakujua. Data zile zilikuwa mbovu.

Hoyle, safari hii na mwanafunzi wake Jayant Narlikar, alijibu kwa hoja ya maboti yanayofuata samaki: huenda sisi tumekaa mahali penye upungufu wa vyanzo vikali, shimo la karibu, na mteremko unapanda kwa sababu ya uchache wa vilivyo jirani. Hoja haikuwa ya kijinga. Vyanzo vikali ni vichache kweli, na uchache hupotosha takwimu. Ila ilikuwa inaomba tuwe mahali pa pekee ulimwenguni, na nadharia nzima ilikuwa imejengwa juu ya kutokuwapo mahali pa pekee.

Kwasa, viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa kupita kiasi, zikamaliza mabishano ya mahali na kuyageuza kuwa ya wakati. Mwaka 1963 Maarten Schmidt aligundua kwamba kitu namba 273 katika orodha ya tatu ya Cambridge, kinachoonekana kama nyota ya kawaida, kina mistari ya haidrojeni iliyosogea kuelekea wekundu kwa asilimia 15.8. Kiko mbali mno, na kinang'aa kupita galaksi nzima. Vya aina yake vilipopatikana vingi na umbali wake kujulikana kimoja kimoja, haikuhitajika tena kukisia kutokana na ufifiaji. Dennis Sciama, mtetezi wa hali thabiti, alikaa na mwanafunzi wake Martin Rees wakazihesabu wakitafuta namna ya kuiokoa nadharia, na ikawa kinyume: mwaka 1966 walitoa hesabu inayoonyesha kwasa ni nyingi zaidi kule mbali. Sciama akaiacha nadharia. Kati ya wote waliohusika ndiye ninayemvulia kofia.

Kabla ya hapo, mwaka 1965, lilikuwa limeingia pigo linalojulikana zaidi, lile la mnururisho wa nyuma, masalia ya joto la mwanzo yanayojaza anga yote. Sitalirefusha sana, ila hesabu yake ni fupi na nzuri. Arno Penzias na Robert Wilson, kwenye antena ya tarumbeta huko Holmdel, New Jersey, walipima kelele ya redio kwenye mawimbi ya sentimita 7.35. Kelele ya namna hiyo hupimwa kama joto: antena ikielekezwa utosini, jumla ilikuwa kelvini 6.7. Hewa ya dunia inachangia 2.3. Chuma cha antena chenyewe na kile kinachopenya kutoka ardhini, 0.9. Toa, kinabaki 3.5, na hakina mwenyewe. Walilinganisha na kifaa kilichopozwa kwa heli ya kimiminika ili wawe na kipimo cha kweli, wakaziba viungo vya antena kwa utepe wa alumini, wakawatoa njiwa waliojenga ndani na kusafisha kinyesi chao. Kelele ikabaki pale pale, pande zote za anga, misimu yote. Wale waliokuwa na televisheni za antena enzi za analojia, sehemu ndogo ya chenga mliyoilaani ilikuwa hiyo hiyo.

Kwa hali thabiti kelele hiyo haina asili. Hoyle na wenzake walijaribu kuieleza kwa mwanga wa nyota uliomezwa na vumbi la sindano ndogo za chuma na kutolewa tena kama joto. Setilaiti ya COBE iliyorushwa mwaka 1989 ilipima rangi zake zote na kukuta umbo kamili la kitu chenye joto moja, kelvini 2.725, bila mchanganyiko unaoonekana. Vumbi lililotawanyika kwenye umbali tofauti halitoi umbo safi namna hiyo isipokuwa uliombee mengi. Na kuna kipimo kimoja nakiona kikali kuliko COBE, ingawa hakitajwi sana. Mawingu ya gesi ya mbali yaliyo mbele ya kwasa yana molekuli zinazotumika kama kipimajoto. Katika wingu moja ambalo mawimbi yake yamenyooshwa na upanukaji mara 3.42, Mlipuko Mkuu unadai joto liwe 2.725 × 3.42, yaani 9.3. Ilipimwa karibu 9. Katika ulimwengu usiozeeka ingekuwa 2.725 kule kama hapa.

Umri nao unaongea. Katika hali thabiti galaksi zina wastani wa umri wa theluthi ya kinyume cha kipimo cha upanukaji, kwa namba za leo miaka bilioni 4.7, na idadi inapungua polepole kadiri umri unavyopanda, bila kikomo. Ukikokotoa, kati ya galaksi 100 za jirani zetu, 6 zingezidi miaka bilioni 13 na moja hivi ingezidi bilioni 20. Galaksi zilizo jirani tumezipima nyota kwa maelfu. Ya bilioni 20 haijaonekana hata moja. Zote zinagotea kwenye bilioni 13 na kidogo, kana kwamba zimegonga ukuta. Lile deni la mtoto kumzidi mama, kwa upande mwingine, lililipwa bila msaada wa hali thabiti: Walter Baade mwaka 1952 alionyesha kuwa vipimo vya umbali vilikuwa vimechanganya aina mbili za nyota, umbali ukapanuliwa mara mbili, na mwaka 1958 Allan Sandage alikishusha kipimo cha Hubble, kile cha 500, hadi karibu 75.

Halafu kuna kitu ambacho hali thabiti ilituachia na kinatumika kila siku. Kwa kuwa hapakuwa na tanuru la mwanzo, Hoyle alilazimika kupika elementi zote ndani ya nyota. Andiko la mwaka 1957 aliloandika na Margaret na Geoffrey Burbidge pamoja na William Fowler ndilo msingi wa tunachojua kuhusu asili ya kaboni, oksijeni na chuma. Elementi moja ilikataa: heli. Ni karibu robo ya maada ya kawaida kwa uzito, na nyota haziwezi kutengeneza kiasi hicho. Aliyeliandika hilo wazi mwaka 1964, pamoja na Roger Tayler, ni Hoyle mwenyewe.

Mara kwa mara utasikia kwamba nadharia imefufuka tangu mwaka 1998, ilipogunduliwa kwa supanova, yaani nyota zinazolipuka, kuwa upanukaji unaongeza kasi. Ni kweli hali thabiti ilidai hivyo, tena kwa namba kamili: kipimo cha kupunguza mwendo, ambacho kikiwa hasi maana yake kasi inaongezeka, kiwe −1. Kilichopimwa ni karibu −0.55, na zamani kilikuwa chanya. Kinachobadilika hakiwezi kuwa ushahidi wa kisichobadilika.

Kwa mwenye darubini ya kioo cha sentimita 20, kitu namba 273 kinaonekana kutoka hapa vizuri kuliko kutoka Cambridge. Kiko kwenye kundi la nyota la Mashuke, nyuzi tatu na nusu kaskazini mashariki ya nyota Eta ya kundi hilo, na kwa Kigoma na Tabora kinapita karibu na utosi. Katikati ya Juni kinafika juu kabisa saa mbili usiku. Ngoja nusu saa giza likolee. Mwangaza wake ni daraja la 12.9 (namba ikiwa kubwa kitu ni hafifu zaidi), hivyo lazima uwe na ramani inayofika angalau daraja la 13, na ukuzaji wa mara 100 hadi 150 ili anga iwe nyeusi nyuma yake. Tabora usisubiri Agosti: moto wa porini ukishaanza, moshi wa miombo unakula daraja zima. Utaona nukta ya bluu hafifu, isiyo na umbo, nuru iliyoondoka huko takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Hiyo ni kwasa ya jirani. Zilikojaa hasa ni mbali kuliko hapo mara kadhaa, na huko kioo cha sentimita 20 hakifiki.